Damu ya Ng'ombe Mzima Ina Hesabu Gani?

Hapa Bwaise ng'ombe wa maziwa haendi malishoni. Hukaa bandani nyuma ya nyumba, akaletewa majani yaliyokatwa kando ya kinamasi cha Lubigi, maganda ya matoke kutoka soko la Kalerwe, na maji ya ndoo. Mara nyingi mwenye ng'ombe yuko kazini mjini, na anayelisha, kukamua na kuzoa samadi ni mfanyakazi wa mshahara. Maziwa yakipungua, wa kwanza kuulizwa ni huyo: hukumpa majani ya kutosha, au umekamua ukauza. Huenda ng'ombe ana ugonjwa ambao macho hayajauona bado, na mfanyakazi hana la kujitetea.

Kipimo cha damu kinaweza kusema kweli katika jambo hili. Lakini hesabu iliyoandikwa kwenye karatasi ya maabara haina maana mpaka iwekwe kando ya hesabu ya mnyama mzima. Basi yafaa tuijue hesabu hiyo.

Kipimo cha kwanza, ambacho ni rahisi na cha bei nafuu kuliko vyote, ni kile cha ujazo wa chembe nyekundu. Damu huingizwa katika mrija mwembamba wa kioo, mrija ukazungushwa kwa kasi kubwa ndani ya mashine kwa muda wa dakika 5 hivi. Chembe nyekundu huzama chini, maji ya rangi ya manjano hubaki juu, na katikati yake huonekana utando mweupe mwembamba, ambao ni chembe nyeupe. Fundi hupima urefu wa sehemu nyekundu na kuandika ni ngapi kwa mia. Kwa ng'ombe mzima ni kati ya 24 na 46, wengi wakiwa karibu na 35. Hemoglobini, yaani ule wekundu unaobeba hewa, huwa gramu 8 hadi 15 katika mililita 100 za damu. Chembe nyekundu zenyewe ni milioni 5 hadi 10 katika mikrolita moja, na chembe nyeupe 4,000 hadi 12,000.

Hapo wengi hukosea kwa kufananisha na karatasi zao wenyewe za hospitali. Mwanamume mwenye hemoglobini ya 10 huambiwa ana upungufu wa damu na kupewa vidonge. Ng'ombe mwenye 10 hana kasoro yoyote. Tena kwa mtu mzima zile chembe nyeupe za kupambana na usaha ndizo nyingi kupita limfosaiti. Kwa ng'ombe ni kinyume chake, limfosaiti huwa karibu mara mbili ya hizo. Anayesoma damu ya ng'ombe kwa jicho la daktari wa watu ataona ugonjwa pasipo na ugonjwa.

Vivyo hivyo kwa vitabu vya nje. Viko vitabu vinavyoorodhesha hesabu za damu za nyati wa maziwa, yule anayekamuliwa India, Pakistani, Misri na hata Italia. Huyo si ndugu wa karibu wa mbogo wetu wa porini, ambaye hakamuliki, na ambaye hubeba vijidudu vya ndigana kali mwilini bila kuugua sana. Hesabu za nyati wa India si za kumtibia Friesian wa Bwaise. Hata majedwali ya ng'ombe, mengi yametoka kwa mifugo ya Ulaya na Marekani, ambako ndigana kali haipo.

Na neno lenyewe "kawaida" lina hila yake. Wataalamu huchukua damu ya wanyama wengi wenye afya, wakipendelea wasiopungua 120, kisha huacha pembeni wachache wa juu kabisa na wachache wa chini kabisa, na kuita kawaida ile sehemu ya 95 kwa mia iliyobaki. Maana yake, katika kila ng'ombe 20 wazima, mmoja hutazamiwa kuwa nje ya mipaka naye hana ugonjwa wowote. Kwa upande wa pili, mgonjwa anaweza kuwa ndani ya mipaka. Tuseme ng'ombe wako akiwa mzima ana 38, na leo ana 27. Jedwali litasema yu sawa. Lakini amepoteza zaidi ya robo ya chembe zake nyekundu, na hapana budi itafutwe sababu. Jirani yake aliyekuwa na 27 siku zote, anakula na kukamuliwa vizuri, hana neno.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, jedwali lililo bora ni lile la ng'ombe mwenyewe. Apimwe akiwa mzima, mara moja au mbili kwa mwaka, na hesabu ziandikwe daftarini pamoja na tarehe, hali ya mimba, na lita za maziwa za siku ile. Gharama yake ni ndogo ukiilinganisha na kumpoteza ng'ombe mmoja.

Hali ya mimba na maziwa huandikwa kwa sababu damu hubadilika. Ng'ombe anayetoa maziwa mengi huelekea upande wa chini kuliko aliyekauka. Ndama hana hesabu za mama yake. Ng'ombe aliyekimbizwa na kufungwa kwa kamba na watu watano huonyesha chembe nyekundu nyingi kuliko ilivyo kweli, kwa sababu hofu huifanya bandama yake ijibane na kumimina chembe ilizokuwa imezihifadhi. Aliyeharisha na kukauka maji hudanganya zaidi: maji ya damu yamepungua, kwa hiyo chembe huonekana nyingi, na upungufu wa damu hufichika nyuma ya hesabu nzuri. Mnyweshe, umpime tena kesho.

Sasa magonjwa. Watu hudhani kwamba kufungia ng'ombe bandani kumemaliza kupe, lakini kupe huja na majani yaliyokatwa. Katika ndigana kali, joto hupanda, tezi iliyo chini ya sikio huvimba, kisha huja kikohozi na kupumua kwa shida. Hapo ujazo wa chembe nyekundu waweza kushuka kidogo tu. Zinazoanguka ni chembe nyeupe, na zikishuka chini ya 2,000 hali ni ya hatari. Ndigana baridi ni kinyume: chembe nyekundu huharibiwa, ujazo waweza kuwa chini ya 15, ufizi na macho hupauka kisha huwa manjano, lakini mkojo hauwi mwekundu. Mkojo ukiwa mwekundu, shuku ugonjwa mwingine wa kupe, babesia. Ng'ombe aliyenunuliwa kutoka sehemu zenye mbung'o aweza kuja na nagana, ambayo hushusha ujazo polepole. Na majani ya kinamasi huleta minyoo ya maini, inayonyonya damu kwa miezi bila kelele. Hiyo ya mwisho ndiyo inayomponza sana mtunza ng'ombe, kwa maana ng'ombe anakula na bado anakonda.

Kutofautisha haya si anasa ya wasomi. Oksitetrasaiklini hutibu ndigana baridi, lakini ndigana kali iliyokwisha kushika huhitaji buparvakwoni, na dawa hiyo ni ghali. Anayechoma sindano ya kwanza aliyo nayo hupoteza fedha, hupoteza siku ambazo ng'ombe angeweza kupona, na maziwa yake hayafai kunywewa mpaka dawa iishe mwilini.

Iko pia damu isiyohusu chembe. Friesian aliyezaa jana, akashindwa kuinuka, masikio yakiwa baridi, huenda amepungukiwa kalisi. Kawaida ni miligramu 8 hadi 12 katika mililita 100 za maji ya damu. Aliyelala hivyo mara nyingi yuko chini ya 5. Huyu hasubiri maabara: daktari humtilia kalisi mshipani polepole, na wengi husimama baada ya muda mfupi. Ugonjwa wa kutupa mimba hauonekani katika hesabu hizi. Huo una kipimo chake peke yake, na maziwa yachemshwe daima.

Damu itolewe na daktari wa mifugo au msaidizi wake, kutoka mshipa wa shingo au wa mkia. Kwa hesabu ya chembe, chupa ni ile yenye kifuniko cha zambarau, ambayo ina dawa ya kuzuia damu isigande. Igeuzwe juu chini taratibu mara 8 au 10, isitikiswe kama chupa ya soda, maana chembe zitapasuka. Iandikwe jina la ng'ombe na saa, iwekwe mahali pa baridi bila kugusa barafu, na ifike maabara siku ile ile. Sisi wa Bwaise hatuna udhuru wa umbali: chuo cha tiba ya mifugo cha Makerere kiko juu ya kilima hapo kusini, na maabara ya serikali iko Entebbe.

Daftari likae bandani, na likae mikononi mwa yule anayelisha. Yeye ndiye anayeona kila asubuhi nani ameacha maganda yake na nani amechelewa kusimama. Mwenye ng'ombe atie sahihi kila mwisho wa mwezi, pale pale anapolipa mshahara.