Skrini ikizimika juu ya Masisi

Enzi kasiteriti, madini ya bati, ya mgodi wa Bisie ilipokuwa imepamba moto, uwanja wa ndege wa Walikale, mashariki mwa Kongo, ulikuwa ni barabara. Pale Kilambo, kwenye kipande cha lami cha njia ya kwenda Kisangani, magari na pikipiki vilisimamishwa, watu wakapisha, ndege ikashuka juu tu ya miti na kukanyaga lami. Mifuko ya madini, ambayo wabebaji walikuwa wameitoa msituni kwa mgongo mwendo wa kilomita 40 na ushei, ilipakiwa mpaka tani moja na nusu au mbili zikatimia, kisha safari ya Goma. Mambo yaliendelea hivyo tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000 hadi Septemba 2010, Rais Joseph Kabila alipopiga marufuku uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema kwa miezi kadhaa.

Ndege za kazi hiyo zilikuwa hasa Let 410 za Kicheki na Antonov 28, ndege ngumu zisizo na makuu. Mbele ya rubani palikuwa na geji za duara: ya kasi, ya kimo, dira, na ile kubwa ya katikati inayoonyesha kama mabawa yamekaa sawa au yameinama. Ndege hizo zimesemwa vibaya sana, na kwa mengi zilistahili. Lakini geji zake zilikuwa na sifa moja ambayo ndege za kisasa zinalazimika kuinunua upya: mara nyingi kila moja ilikufa peke yake. Ikifa moja, zilizobaki zilikuwa hazina habari.

Leo anayeruka juu ya Masisi na ndege ndogo, akiwa amebeba chanjo, dawa au wafanyakazi wa misaada, pengine amekaa mbele ya skrini. Kila kitu kimo humo: kasi, kimo, ramani, milima iliyopakwa rangi nyekundu pale inapokaribia, mvua, mafuta. Ni kazi nzuri ya uhandisi na sina ugomvi nayo. Swali ni kinachobaki skrini ikizimika.

Tazama njia yenyewe. Kiwanja cha Goma kiko mita 1,500 na kidogo juu ya usawa wa bahari, volkano ya Nyiragongo ikiwa imesimama jirani kwa mita 3,470. Ukielekea magharibi unaipita Sake, unapanda vilima vya malisho vya Masisi vinavyozidi mita 2,000, halafu nchi inaporomoka hadi kwenye msitu wa Walikale, chini ya mita 1,000. Unyevu wa msitu hupanda ukakutana na milima hiyo, na alasiri wingu hufunga. Mwaka 2016 watafiti waliochambua kumbukumbu za miaka 16 za setilaiti walipanga orodha ya sehemu zinazomulikwa na radi kuliko zote duniani. Ya kwanza ni Ziwa Maracaibo kule Venezuela, ya pili Kabare, Kivu Kusini. Ya tano ni Sake, Sake hiihii ya Masisi, yenye radi zaidi ya 140 kwa kila kilomita ya mraba kwa mwaka. Wakazi hawakuhitaji setilaiti kuwaambia. Tarehe 1 Septemba 2008 ndege ya Beechcraft 1900 ya shirika la misaada la Air Serv, ikitoka Kisangani kwenda Bukavu katika hali mbaya ya hewa, iligonga mlima karibu na Bukavu, na watu wote 17 waliokuwamo wakafa.

Ndani ya wingu mwili hudanganya. Majimaji ya sikio la ndani, yanayotusaidia kusimama wima, huzoea mzunguko wa polepole kiasi kwamba ndege inayopinda huonekana kama inakwenda sawa, na ikinyooka mtu huhisi inapindia upande wa pili. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, kilichukua marubani 20 wasio na mafunzo ya kuruka kwa vipimo na kuwazuia kuona nje. Wote 20 walishindwa kuimudu ndege. Wastani wa muda waliodumu ulikuwa sekunde 178, hata dakika 3 hazikutimia. Rubani aliyefunzwa anaokolewa na geji ile ya katikati, kipimo cha upeo, nusu yake buluu kwa ajili ya mbingu na nusu hudhurungi kwa ajili ya ardhi.

Kwa mtindo wa zamani kipimo hicho ni gurudumu dogo linalozungushwa kwa kasi kubwa, na kama pia ya mtoto, likishazunguka halikubali kuangushwa. Ndege huinama kulizunguka, lenyewe limebaki wima. Katika Cessna nyingi kinacholizungusha ni hewa inayofyonzwa na pampu iliyofungwa kwenye injini. Pampu hiyo ina vibati vya kaboni vinavyosagika taratibu, na siku ya kukatika havipigi hodi. Ubaya wenyewe unakuja baadaye, maana gurudumu halisimami papo hapo. Linapunguza mwendo, picha inaanza kulala upande kidogo kidogo, na rubani asiyejua, akijitahidi kuinyoosha picha, anailaza ndege. Kipimo kilichokufa kabisa kina nafuu kuliko kinachokufa huku kikiendelea kusema.

Skrini zilileta dawa ya sehemu ya tatizo hilo. Cessna Caravan, kipando cha kila kiwanja cha udongo Afrika Mashariki, imekuwa ikitoka kiwandani na mfumo wa Garmin G1000 tangu 2008: skrini mbili za vipimo, kila rubani na yake, na ya tatu katikati. Ndani hamna gurudumu. Kuna vihisio vidogo vya elektroniki vinavyopima kila mgeuko, na kompyuta inayovilinganisha na dira, kasi ya hewa na GPS. Kompyuta ikiona hesabu hazikubaliani, kwa kawaida hufuta picha na kuweka alama kubwa ya X nyekundu. Inakubali kwamba haijui, jambo ambalo pampu ya kufyonza haikuwahi kulifanya. Ila sasa vipimo vyote vinategemea umeme uleule, na umeme ukikatika vinaondoka pamoja.

Hilo lilijulikana kwa damu kabla skrini hazijabuniwa. Usiku wa tarehe 18 Januari 1969, Boeing 727 ya shirika la United iliondoka Los Angeles ikiwa na jenereta moja kati ya tatu isiyofanya kazi. Taa ya moto ya injini mojawapo ikawaka, marubani wakaizima injini hiyo, jenereta yake ikaenda nayo, na ile ya mwisho ikaelemewa na mzigo. Umeme wote ukapotea. Katika giza na wingu juu ya bahari, marubani hawakuwa tena na cha kuwaambia upande upi ni juu. Watu 38 walikufa. Baada ya hapo Marekani ililazimisha ndege kubwa za abiria ziwe na kipimo cha upeo cha akiba chenye chanzo chake cha nguvu, kisichotegemea jenereta.

Ndege ndogo zilisahauliwa. Mei 1995 ndege ya Bandeirante iliyoondoka Leeds, Uingereza, ilipoteza kipimo cha upeo, pengine vyote viwili, ikiwa mawinguni, na watu 12 wakafa. Ilikuwa na viwili tu, kwa kuwa sheria haikuidai ndege ya ukubwa wake kuwa na cha tatu. Wachunguzi wakapendekeza cha tatu kiwekwe. Mtu akikwambia kwamba ndege ndogo haihitaji vitu vya Boeing, mkumbushe kwamba wingu la Masisi halipimi ukubwa wa ndege kabla ya kuifunika.

Sasa tuje kwenye akiba zenyewe. Ndege ya skrini kwa kawaida huja na geji tatu ndogo zilizobanwa pembeni, za upeo, kasi na kimo, pamoja na dira ya sumaku. Au badala ya hizo tatu huwekwa kiskrini kimoja chenye betri yake. Garmin G5, iliyotoka 2016, huingia katika tundu lilelile la geji ya zamani la inchi 3 na kidogo, na betri yake hudumu hadi saa 4. Mafundi wengi wanaipenda kwa sababu inaiondoa ile pampu na mabomba yake. Na mimi nipo upande wao, kwa sharti moja: akiba ihesabiwe kwa vyanzo, wala si kwa idadi ya vioo.

Chukua kasi na kimo. Geji hizo hupata pumzi kutoka kwenye mrija mdogo ulio chini ya bawa na vitundu vya ubavuni. Katika ndege nyingi za injini moja, skrini na geji ya akiba hutumia mrija huohuo mmoja. Nyigu wa udongo wa kwetu, yule anayejenga kwenye tundu la kitasa, akiuziba mrija huo kwa usiku mmoja kwa sababu kifuniko hakikuwekwa, skrini itasema uongo na geji ya akiba itaapa kwamba ni kweli. Februari 1996 Boeing 757 ya Birgenair ilianguka baharini huko Jamhuri ya Dominika na kuua watu 189 kwa sababu ya mrija ulioziba, na mtuhumiwa mkuu alikuwa nyigu wa aina hiyo. Kile kitambaa chekundu kinachoning'inia kwenye ndege iliyoegeshwa ndicho kifuniko hicho. Hakina bei ya kutisha, na ni sehemu ya vipimo vya akiba kama vipimo vyenyewe.

Kivu Kaskazini imeongeza jambo ambalo waandishi wa kanuni hawakuliwazia sana. Mwaka 2024 marubani wa Umoja wa Mataifa na wa misaada walianza kupoteza GPS angani. Mawimbi yalizibwa, na mengine yakaghushiwa, ili chombo kiamini kiko mahali ambapo hakipo. Kundi la wataalamu wa Umoja wa Mataifa, katika ripoti yao ya mwisho wa mwaka huo, liliwanyooshea kidole waasi wa M23 na jeshi la Rwanda. Kigali imekuwa ikikanusha kuisaidia M23. Kwa aliye angani, ubishi wa wanadiplomasia haubadilishi kitu. GPS ikizibwa, ramani inaganda au kutoweka. Ikighushiwa ni hatari zaidi: kialama cha ndege kinahama kimyakimya, onyo la mlima linapiga kelele pasipo mlima, au linanyamaza pale mlima ulipo. Kipimo cha upeo cha kisasa kwa kawaida huvumilia kuikosa GPS kikibaki na dira na kasi ya hewa. Ramani haivumilii. Na tableti ambayo rubani ameifunga pajani kama akiba inakula mawimbi yaleyale, kwa hiyo akiba yake imekufa pamoja na ramani ya skrini.

Dira ya sumaku inayoelea ndani ya mafuta, saa ya mkono, geji ya kimo iliyowekwa kwa shinikizo sahihi la hewa, na hesabu ya dakika ngapi tangu Sake: hivyo havizibwi na mtambo wowote uliofichwa kilimani.

Hata hivyo geji nzima bila jicho haisaidii. Usiku wa tarehe 5 Mei 2007 Boeing 737-800 ya Kenya Airways, ndege mpya kabisa, iliondoka Douala kwenda Nairobi baada ya mvua kubwa. Otopailoti haikuwa imewashwa. Ndege ikaanza kulalia kulia polepole, na hakuna aliyeishughulikia mpaka kengele ya mlalo ilipolia, ndipo nahodha akachanganyikiwa na kuisukuma kulekule ilikokuwa inaangukia. Watu 114 walikufa. Vipimo vilikuwepo. Kule Perm, Urusi, Septemba 2008, watu 88 walikufa katika Boeing 737, na wachunguzi walitaja tatizo la marubani waliozoea kipimo cha Kisovieti, ambamo kindege huinama na upeo ukabaki palepale, kinyume cha kile cha Kimagharibi. Kwa anga la Kivu, ambako rubani anaweza kutoka kwenye Antonov leo na kuingia kwenye Caravan kesho, hilo si jambo la mbali. Geji ya akiba ya mtindo mmoja kando ya skrini ya mtindo mwingine ni mtego uliowekwa na fundi mwenye nia njema.

Dawa ya jicho ni mazoezi: mwalimu anafunika skrini kwa karatasi katika anga safi na mwanafunzi anairudisha ndege kwa geji za pembeni pekee. Mafuta yanagharimu, na hapo ndipo wenye ndege huanza kukunja uso. Wala msukumo wa serikali si wa kutegemea: kampuni zote za ndege za Kongo zimekuwamo kwenye orodha nyeusi ya Umoja wa Ulaya kwa miaka mingi, kwa sababu Ulaya haiamini usimamizi wa serikali juu yake.

Kiwanja cha Goma kilifungwa Januari 2025, M23 walipouchukua mji. Machi wakafika Walikale yenyewe, mgodi wa kisasa wa kampuni ya Alphamin kule Bisie ukasimama kwa wiki kadhaa, na mwezi uliofuata wakaondoka mjini. Oktoba mwaka huo, mjini Paris, Rais Macron alitangaza kwamba Goma itafunguliwa kwa ndege ndogo za misaada, mchana tu. Ruhusa ya mchana haifukuzi wingu la alasiri kati ya Sake na Walikale. Kwa hiyo mkaguzi wa mamlaka ya anga, au hata shirika la misaada linalokodi ndege, lina maswali mawili ya kuuliza kabla ya kutia saini. Katika Cessna 172 na 182 za skrini kuna swichi ya betri ya akiba ambayo rubani huishikilia kwenye jaribio kwa sekunde 10, na taa ya kijani haitakiwi kuzimika: je, hilo linafanywa kila asubuhi, au ni mpaka mgeni awe anatazama? Na betri ya kipimo cha akiba, ilipopimwa mara ya mwisho umeme mkuu ukiwa umezimwa, ilidumu dakika ngapi? Jibu liwe kwenye daftari la ndege, na tarehe na saini ya fundi.