Beti ya askari haikaushwi motoni

NENO beti sisi watungaji tumelizoea kwa maana moja tu, yaani kile kifungu cha shairi chenye mishororo yake, vina vyake na mizani yake. Lakini wazee wetu walikuwa na beti nyingine, nayo ni ule mfuko wa ngozi aliouvaa askari kiunoni au ubavuni, ndani mna risasi na baruti. Atakayedai kwamba zote mbili ni nyumba, moja ya maneno na nyingine ya mauti, mimi sitashindana naye.

Leo nataka kuzungumza na wasomaji juu ya hiyo beti ya pili, na juu ya watu ambao wangali wakiishona, wakiipaka mafuta na kukimbia nayo mashambani hali adui hayupo.

Watu hao ni Wamarekani. Vita vyao wenyewe kwa wenyewe vilianza Aprili 1861, vikaisha 1865, baina ya serikali ya Muungano na majimbo ya Kusini yaliyojitenga ili utumwa usiguswe. Hadi hivi leo wako walimu, maseremala, madereva wa malori na wazee waliostaafu ambao siku za mapumziko huvaa sare za buluu au za kijivu, wakalala katika mahema, wakala mikate migumu kama mawe, kisha wakaigiza mapigano ya babu zao. Mchezo huu ulipata nguvu vita vilipotimiza miaka 100. Julai 1961 walikusanyika maelfu kwa maelfu huko Manassas, Virginia, wakapigana upya vita vya kwanza vya Bull Run juu ya ardhi ile ile iliyomwagikiwa damu. Idara ya hifadhi za taifa haikupendezwa, na baadaye ikakataza katika viwanja vyake michezo ya pande mbili kupigana. Ndiyo maana sasa aghalabu hufanyika katika mashamba ya watu binafsi.

Mimi mambo haya niliyaona nilipokwenda Pennsylvania kumtazama mpwa wangu, ambaye ameoa na kufanya kazi huko. Alinipeleka karibu na mji wa Gettysburg, mahali ambapo tarehe 1 hadi 3 Julai 1863 waliuawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea watu wapatao 51,000 kwa hesabu ya pande zote mbili. "Mjomba," aliniambia, "hapa utaziona bunduki za zamani mpaka uchoke." Lakini marehemu baba yangu alikuwa fundi wa makubadhi katika Mji wa Kale, Mombasa, na mtoto wa fundi wa ngozi haangalii bunduki. Niliangalia ngozi.

NYUMBA YA VIASI 40

Beti ya askari wa miguu wa Muungano ilishonwa kwa ngozi nene ya ng'ombe, nyeusi tititi. Ina kifuniko kikubwa kinachofunika uso wote wa mbele, na chini yake kingine kidogo chenye masikio ya pembeni ili mvua isipate njia. Kifuniko cha nje kina ulimi wa ngozi unaonaswa katika kifungo cha shaba kilicho chini ya beti, mahali ambapo mkono hukipata bila ya jicho kutazama. Ukanda wake hupita bega la kushoto, na beti yenyewe hukaa nyonga ya kulia.

Ndani mna makopo mawili ya bati. Sehemu ya juu ya kila kopo husimama viasi kumi, na chini yake hulala bunda la viasi kumi vingine, jumla 40. Kiasi, kwa vijana wasiolijua neno hili, ni karatasi iliyoviringishwa ikatiwa risasi moja na kipimo cha baruti, kadiri ya gramu nne. Vikijaa vyote uzito wake ni karibu kilo moja na nusu, na hapo hujahesabu bunduki, chupa ya maji, blanketi wala chakula. Askari akimaliza vya juu hulazimika kulichomoa kopo zima, atoe bunda la chini, alifungue, na huku adui anamjia! Aliyebuni utaratibu huo nadhani hakupata kupigwa risasi.

Mbele ya kiuno huvaliwa kijibeti kidogo cha fataki. Hiki ndicho kilichonivutia zaidi, maana ndani yake, kwenye mdomo, umeshonwa utepe wa ngozi ya kondoo yenye manyoya yake. Askari akitia vidole atoe fataki moja, manyoya huzizuia nyingine zisimwagike. Pembeni imechomekwa sindano ya kuzibulia tundu la bunduki likizibwa na masizi.

Kusini ngozi ilikuwa adimu. Wao walifika hadi ya kushona kanda na beti kwa turubai iliyopakwa rangi tabaka juu ya tabaka, na vingine wakaagiza London, vikapenya kwa meli zilizokuwa zikikwepa manowari za Kaskazini.

MAFUTA YA MAKONGORO

Palikuwapo hapo mzee mmoja wa Kizungu, mshona ngozi, ambaye huwatengenezea wenzake beti za kuigizia. Mpwa wangu alipomweleza kwamba mimi ni mtoto wa fundi, alinisogezea kigoda, na hatukuachana mpaka jua likatua.

Alinionyesha anavyoshona kwa uzi wa kitani uliopakwa nta, sindano mbili zikipishana katika tundu moja, moja ikitoka huku na nyingine huku. Ukikatika uzi wa upande mmoja, wa pili hushika. Baba alishona hivyo hivyo.

Ngozi yake hudabaghiwa kwa magome ya mti. Huko Marekani na Ulaya magome yaliyosifika tangu zamani ni ya mwaloni. Nilimwambia kwamba kwetu ni mkoko, na kwamba mapema katika karne ya 20 magome ya mikoko ya Lamu na ya Rufiji yalikuwa yakipakiwa melini kwenda kudabaghi ngozi za watu wa ng'ambo. Hili hakulijua, akaliandika. Ngozi ya namna hiyo ina siri yake. Loweka vipande vya chuma katika siki siku kadhaa, kisha maji yake yapake juu ya ngozi, utaiona inageuka nyeusi mbele ya macho yako, kwa kuwa chuma na dawa ya magome vikikutana huzaa weusi. Weusi huo umezaliwa na ngozi yenyewe, hautoki kwa kusugua.

Ama utunzaji, sikiliza maneno ya mafundi wawili wa mabara mawili, maana hatukuhitilafiana. Ngozi iliyonyeshewa haikaushwi motoni wala juani. Hukakamaa, ikajikunja, ikapasuka kwenye mikunjo. Ifute kwa kitambaa, ijaze karatasi ndani ili isipoteze umbo, iache kivulini penye hewa hata kama ni siku tatu. Askari wengi wa mchezo huharibu mali yao usiku wa kwanza, kwa kuitundika karibu na moto wa kambini.

Ikishakauka huhitaji mafuta. Yale wanayoyapenda wao hutoka katika mifupa ya miguu ya ng'ombe, nasi tungeyaita mafuta ya makongoro. Hupakwa machache kwa kitambaa, yakaachwa yanywewe. Mwenye kudhani kwamba mafuta mengi ni mapenzi mengi hukosea, kwa kuwa ngozi iliyoshiba hulegea kama chapati, ukanda ukarefuka, beti ikampiga mtu gotini. Zaidi ya hayo, mafuta yakikutana na shaba huzaa utando wa kijani kuzunguka kila kifungo na kila msumari, ukaila ngozi polepole. Dawa ni kuukwangua kwa kijiti cha mbao, sio kisu, na kuifuta shaba kila mara. Kisha hupigwa nta iliyochanganywa na masizi, ikasuguliwa hadi ing'ae.

Hayo ni ya beti mpya za kuigizia. Beti ya asili, iliyobebwa na askari wa 1863, haivaliwi na haipakwi mafuta. Ngozi nyingi za karne ya 19 zina ugonjwa. Asidi huila kwa ndani mpaka uso wake ukawa unga mwekundu unaobaki vidoleni ukiigusa. Hapo mafuta hayaponyi chochote, huzidisha weusi na kunata. Watunzaji wa majumba ya makumbusho siku hizi huiacha kavu, katika hewa isiyo na unyevu mwingi wala ukavu mwingi, mbali na jua, imeegemezwa juu ya mto ili isijivunje kwa uzito wake mwenyewe. Nasi wa pwani, ambao kila nyumba ina mkoba au ala ya jambia ya babu iliyoning'inizwa ukutani penye chumvi na joto, hili latuhusu.

CHECHE MOJA

Katika mchezo hakuna risasi, ni baruti na karatasi tu. Lakini baruti haijui kama unacheza. Watu husimama bega kwa bega, safu mbili, bunduki ya wa nyuma ikipita karibu na sikio la wa mbele, na kila fataki ikilipuka hutoa cheche. Kwa hiyo sheria yao ya kwanza ni ya beti, kwamba kila utoapo kiasi kimoja, funika. Makopo ya bati hayatolewi, hata kama mtu angependa nafasi zaidi. Na mahali pengi ni marufuku kuuchomoa mdeki na kushindilia, kwa sababu mdeki uliosahauliwa ndani ya kasiba hutoka kama mkuki.

Jioni kila mtu hupindua beti yake, akahesabu viasi vilivyosalia, akafuta makopo. Baruti iliyomwagika huvuta unyevu, bati likashika kutu na uzi ukaoza.

Mzee yule alinikumbusha wale waliovijaza viasi vyenyewe. Tarehe 17 Septemba 1862 ghala la silaha la Allegheny, huko Pittsburgh, lililipuka, wakafa watu 78, wengi wao wanawake vijana waliokuwa wakiviringisha karatasi na kutia baruti. Tarehe 17 Juni 1864 ghala la Washington nalo likawaka, wakafa wasichana 21. Hao hawaigizwi na mtu. Hakuna tikiti inayouzwa watu waje kuwatazama wasichana wakiviringisha karatasi.

Msomaji Mwislamu hawezi kuzungumza juu ya viasi asikumbuke India. Bunduki ya Enfield ya 1853, ambayo Wamarekani wa pande zote mbili waliinunua kwa wingi, ndiyo iliyotolewa pia kwa askari wa Kihindi wa Kampuni ya Waingereza. Kiasi chake kilipakwa shahamu, na askari alitakiwa akipasue kwa meno. Ikaenea habari kwamba shahamu hiyo ni ya ng'ombe na ya nguruwe, hivyo Baniani na Mwislamu wote wawili wakajiona wamenajisiwa kwa mkupuo mmoja. Wanavyuoni wa Kishafii wanatufundisha kwamba ngozi ya mzoga hutahirika kwa kudabaghiwa, isipokuwa ya mbwa na nguruwe. Shahamu haina hata mlango huo. Huko Meerut askari 85 wa farasi walivikataa viasi, wakatiwa pingu, na tarehe 10 Mei 1857 wenzao wakaasi. India ikawaka moto.

HERUFI MBILI ZA SHABA

Juu ya kifuniko cha beti ya Muungano kuna bamba la shaba lenye herufi U na S. Nilikutana na kikundi cha Wamarekani weusi wakiyasugua mabamba yao kwa majivu na kitambaa. Wao huigiza kikosi cha 54 cha Massachusetts, kilichoishambulia ngome ya Wagner, South Carolina, tarehe 18 Julai 1863. Wawili katika kikosi hicho walikuwa watoto wa Frederick Douglass, mtu aliyezaliwa mtumwa. Watu weusi wapatao 180,000 waliingia jeshi la Muungano, wakalipwa dola 10 kwa mwezi na kukatwa tatu za nguo, wakati mweupe alipata 13. Kikosi cha 54 kikakataa mshahara huo kabisa, mpaka 1864 ilipokubaliwa walipwe sawa.

Kwa mtu kama huyo, ambaye katika jimbo la Kusini mzazi wake angeuzwa kama mbuzi, beti yenye herufi zile ilikuwa hati ya kuwa yeye ni mtu. Hatua chache mbele walikuwapo wengine wenye sare za kijivu wakipaka mafuta beti zao kwa mapenzi yale yale. Wengine wao husema wanaheshimu ushujaa wa babu zao tu. Kwa maoni yangu ngozi haisemi uongo, bali mvaaji huweza. Na sisi wa pwani tusijifanye wageni wa habari hii, kwa maana soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873 tu, na meli za Salem zilizotuletea merikani ziliondoka na pembe, sandarusi na ngozi za ng'ombe, mizigo ambayo mingi ilifika pwani kwa migongo ya watu. Vita hivyo vilipoikata pamba, merikani nayo ikaadimika Unguja.

Tulipoagana, mzee mshona ngozi aliniuliza kama naweza kumpelekea gunia la magome ya mkoko, ayajaribu. Nikamwambia mikoko siku hizi haikatwi ovyo, ina sheria na vibali vyake. Akafikiri kidogo, akasema basi nimpelekee jozi moja ya makubadhi, auone mshono wetu. Hayo nimekwisha kumpelekea, na gidamu ya akiba.