Jinsi ya Kung'arisha Bomba la Moshi



Wengi wenu mlioko shuleni sasa mtakuwa na pikipiki au gari siku moja, na wengi wa wenzangu tuliokwisha kutoka wanavyo tayari. Kwa hiyo nimeona yafaa niwaeleze habari za kazi moja ndogo niifanyayo kila siku hapa Gurei, upande wa magharibi wa mji wa Juba. Kazi yenyewe ni kung'arisha bomba la moshi lililopakwa kromu. Labda mtacheka, mkisema kwamba kusugua bomba hakuhitaji elimu. Mimi nami nilidhani hivyo, na dhana hiyo ilinigharimu mapato ya majuma matatu.

Niliingia Juba mwaka 2012, mwaka ule ule ilipofunguliwa barabara ya lami ya kutoka Nimule, yenye urefu wa kilomita 192. Lakini njia nyingi za mitaani, hasa huku Gurei na kwa majirani zetu wa Gudele, ni za udongo mwekundu. Wakati wa kiangazi vumbi hushika kila kitu, na mvua zikianza, matope huchukua zamu. Mimi na mwenzangu tukafungua kiwanja cha kuoshea vyombo. Wateja wetu wengi ni vijana wa bodaboda. Abiria hupenda kupanda pikipiki safi, basi kwa kijana wa bodaboda bomba ling'aalo si pambo tu, ni riziki.

Katika mwaka wa pili wa kazi yetu, kijana mmoja alileta pikipiki aliyoinunua kwa mkopo, na deni lilikuwa bado halijaisha. Bomba lake lilikuwa na madoa ya kutu na weusi wa moshi. Yeye alikuwa na haraka, nami nilikuwa na haraka zaidi, maana wengine wanne walikuwa wakingoja. Nikachukua dawa kali ya kusafishia choo, nikailowesha kitambaa, nikasugua. Mapovu madogo yakapanda, uchafu ukatoka upesi, nikajiona fundi hasa. Nilipomwaga maji nikakuta mng'ao wote umekwenda. Bomba lilikuwa limebaki na rangi ya manjano iliyofifia, na mahali pengine chuma kilikuwa kitupu. Yule kijana alilitazama, akasema kwa upole, "Kaka, ulisema utaling'arisha." Upole ule uliniuma kuliko matusi. Nikamnunulia bomba jipya.

Usiku ule nilikumbuka somo la kemia tulilofundishwa shuleni, ya kwamba asidi ikikutana na madini ya namna fulani, hutokea chumvi na gesi ya haidrojeni. Nililiandika katika daftari, nikalijibu katika mtihani, kisha nikaliacha darasani.

Sasa nitawaeleza kromu ni kitu gani. Ni madini yaliyogunduliwa na Mfaransa Louis-Nicolas Vauquelin mwaka 1797. Jina lake latokana na neno la Kiyunani lenye maana ya rangi, kwa kuwa chumvi zake zina rangi nyingi nzuri. Hata jirani zetu wa Sudan wamechimba mawe yake katika milima ya Ingessana. Lakini bomba la moshi halitengenezwi kwa kromu tupu. Ndani ni chuma cha kawaida, juu ya chuma kuna nikeli, na juu ya nikeli kuna ganda la kromu. Ganda hilo aghalabu halizidi nusu ya maikromita. Ukichukua unywele mmoja wa kichwani pako, unene wake ni yapata mara mia ya ganda hilo, au zaidi.

Kromu ni ngumu, tena haishiki kutu, kwa sababu hewa huifunika kwa utando mwembamba wa oksidi unaoikinga. Kutu tuionayo juu ya bomba hutoka katika chuma cha chini, ikipitia vitundu vidogo vya ganda. Lakini dawa nyingi za choo zina asidi hidrokloriki, nayo huutoboa ule utando na kuila kromu yenyewe. Yale mapovu niliyoyafurahia yalikuwa dalili ya mali ya mwenzangu ikienda zake. Na maji yakimwagika hayazoleki. Kupaka kromu upya kwataka umeme na tangi la asidi ya kromu, ambayo ni sumu iletayo saratani, wala si kazi ya kufanywa uani.

Basi, fuateni taratibu hii.

Kwanza, ngojeni bomba lipoe kabisa. Bomba la moto huunguza mkono, na maji yakimwagwa juu yake hukauka na kuacha madoa. Mimi huifanya kazi hii asubuhi, kabla chombo hakijawashwa.

Pili, oshen vumbi kwa maji na sabuni kabla ya kusugua. Msifute vumbi kavu, maana mchanga huacha mikwaruzo. Hapa Juba maji mengi huletwa kwa malori na kununuliwa, basi mimi hutumia ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia. Ikiwa ni pikipiki, zibeni mdomo wa bomba kwa kitambaa ili maji yasiingie, wala msisahau kukiondoa mkimaliza.

Tatu, toeni masizi. Lowesheni kitambaa kwa mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, mfute nje na ndani ya mdomo wa bomba. Mswaki mkuukuu hufaa kwa pembe zisizofikika. Kisha osheni tena kwa sabuni.

Nne, shughulikieni kutu. Twaeni karatasi ya alumini, ile ya kufungia chakula, muikunje, muichovye katika maji au siki, msugue polepole. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo huondoa kutu bila kuliumiza ganda. Siki nayo ni asidi, lakini ni dhaifu. Hata hivyo isikae, isuuzeni mara moja. Msitumie msasa, wala waya mgumu wa sufuria, wala maji ya betri.

Tano, kausheni vizuri, kisha pakeni dawa ya kung'arishia madini. Brasso, ile tunayoijua kwa vifungo na tarumbeta za bendi, yafaa pia kwa kromu. Pakeni kidogo kwa fulana kuukuu, sugueni, futeni kwa kitambaa kikavu. Mwisho pakeni nta nyembamba. Joto huimaliza nta upesi, basi kiangazi mimi huirudia kila juma. Wakati wa mvua, osheni matope yakingali mabichi.

Mtaona pengine bomba limegeuka rangi ya buluu au dhahabu karibu na injini. Huo si uchafu, ni kazi ya joto. Dawa ya kung'arishia huweza kuipunguza, lakini aghalabu hurudi. Na mahali ambapo ganda limebanduka, hakuna dawa ya kulirudisha.

Kuna faida nyingine ya kazi hii, nayo ndiyo niipendayo zaidi. Afutaye bomba husoma hali ya injini. Katika chombo cha petroli, masizi meusi makavu na mengi huonyesha kwamba petroli ni nyingi kuliko hewa. Kwetu mara nyingi sababu yake ni chujio la hewa lililojaa vumbi. Weusi wenye mafuta ya kunata huonyesha kwamba oili inaungua ndani. Vijana kadhaa nimewaambia, "Nenda kwa fundi leo," nao wakaepuka gharama kubwa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini mkiwasha injini ili kuipima, fanyeni hivyo nje, wala si katika banda lililofungwa, maana moshi wake una sumu isiyo na harufu, nayo huua.

Yule kijana bado ni mteja wangu. Deni la pikipiki alikwisha kulilipa, na lile bomba nililomnunulia lilidumu miaka mingi, kwa kuwa nililiosha mwenyewe. Ile chupa ya dawa ya choo iko chooni, mahali pake.

Nanyi mlioko darasani, mwalimu akiandika ubaoni habari za asidi na madini, msidhani ni maneno ya mtihani tu. Siku moja mtu atakuja kwenu na chombo kinachomlisha, naye atawaamini.