Mipira ya Rejeta: Kitu Kidogo Kiwezacho Kuua Injini

Siku hizi katika Awendo na vijiji vyake motokaa ndogo si kitu cha kushangaza. Mwalimu anayo, karani anayo, na mkulima aliyelipwa fedha za miwa, akiisha kutoa karo ya watoto, naye hununua Probox au Vitz iliyokwisha kutumika Japani. Wenye motokaa hizi huosha bodi kila Jumapili, tena hutazama magurudumu na oili. Lakini ni wachache wanaotazama mipira miwili ya rejeta, nayo ndiyo iwezayo kumwacha mtu njiani usiku akimpeleka mgonjwa Kisii.

Yafaa kwanza tujue kazi yake. Mpira wa juu hutoa maji ya moto katika injini na kuyapeleka kwenye rejeta ili yapoe. Mpira wa chini huyarudisha yaliyopoa kwenye pampu. Awendo iko zaidi ya meta 1,300 juu ya bahari, na mahali pa juu namna hii maji yaliyo katika sufuria wazi huchemka kwenye digrii 95 au 96 za sentigredi, wala hayafiki 100. Motokaa huepuka shida hiyo kwa sababu kifuniko cha rejeta huyafungia maji kwa nguvu, hata yakaweza kupita digrii 110 bila kuchemka. Mpira ukipasuka, nguvu ile hutoweka mara moja, maji hugeuka mvuke, na injini hubaki kavu. Kichwa cha injini, ambacho katika motokaa hizi ni cha aluminiamu, hupinda upesi. Gharama ya kukitengeneza hushinda mara nyingi bei ya mipira yote miwili.

Katika wilaya zetu hatari huzidi. Msimu wa kuvuna, dereva hutambaa nyuma ya matrekta yaliyosheheni miwa, na upepo wa kupoza rejeta huwa haba. Kisha kuna kilima cha kupandia Kisii. Tena motokaa nyingi ndogo hazina mshale wa kuonyesha joto, bali taa tu. Taa nyekundu ikiwaka, simama. Usijidanganye kwamba utafika sokoni kwanza.

Kagua mipira kila mwezi, injini ikiwa imepoa kabisa. Ubonyeze kila mpira kwa vidole, hasa karibu na ncha zake, kwa maana mara nyingi huoza kwa ndani kuanzia hapo huku nje ungali unang'aa. Mpira mzima hubonyea kidogo na kurudi. Ukiwa laini kama ndizi iliyoiva mno, au mgumu wenye kulia ukibonyezwa, wakati wake umekwisha. Tazama pia nyufa, uvimbe, na ukoko mweupe au wa kijani penye vibano vya chuma, ambavyo mafundi huviita klipu. Ukoko huo ni alama ya maji yanayovuja. Na ukiona oili imedondokea mpira, ifute, kisha utafute itokako, kwa sababu oili huuvimbisha mpira na kuulegeza.

Kazi ya kubadili si ngumu kwa mtu mwenye subira. Usifungue kifuniko kamwe injini ikiwa na moto. Maji yataruka na kukubabua uso. Ikiisha kupoa, weka karai chini na kuyatoa maji. Kama yana dawa ya rejeta, usiyaache wazi, kwani dawa hiyo ni tamu nayo ni sumu. Mtoto au mbwa akiinywa aweza kufa. Legeza vibano. Mpira ukigoma kutoka, usiuvute kwa nguvu wala kuukongoa kwa bisibisi, maana shingo ya rejeta nyingi za sasa ni ya plastiki na huvunjika. Uchane kwa kisu kwa urefu, kwa uangalifu usiikwaruze shingo.

Safisha shingo kwa kitambaa. Nunua mpira wa umbo lile lile, maana ulionyooka ukilazimishwa kupinda hujikunja na kuziba njia. Vivishe vibano kwanza, usukume mpira hata upite ukingo wa shingo, ndipo ukaze, bila kuzidisha hata kuukata. Jaza dawa iliyochanganywa na maji safi; maji ya mto huleta tope na kutu. Washa injini kifuniko kikiwa wazi, ukijazia kadiri hewa inavyotoka, kisha ufunge. Ikiisha kupoa tena, tazama kama maji yamepungua, na kama penye vibano pakavu.

Watu wengine hufunga mpira uliopasuka kwa kipande cha tyubu ya baiskeli. Hiyo yaweza kukufikisha kwa fundi wa karibu ukienda polepole, lakini si matengenezo. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi, kila mwenye motokaa na aamke kesho mapema, kabla ya kuiwasha, afunue boneti na kuibonyeza mipira yake. Kazi hiyo haichukui dakika tano.