Hadithi ya Zamu: Kazi ya Kitenzi katika Mchezo wa Kusimulia kwa Maandishi

Usimuliaji wa hadithi katika kisiwa cha Unguja si kazi ya mtu mmoja. Msimulizi huita "Paukwa!", wasikilizaji huitika "Pakawa!", ndipo hadithi ianzapo. Itikio hilo lastahili kuangaliwa, kwani kwa umbo lake husomeka kuwa ni kiambishi cha mahali pa-, kiambishi cha mfululizo -ka-, na kitenzi -wa. Ni kana kwamba baraza zima latoa idhini: jambo limekubaliwa kuwa, na liendelee.

Idhini hiyo ni ya sauti, nayo haihifadhiki kwa urahisi katika karatasi. Edward Steere alipochapisha London, mwaka 1870, hadithi alizosimuliwa na watu wa Unguja, maneno ya wasimulizi yalihifadhika. Vicheko na minong'ono ya wasikilizaji haikuweza kuchapwa.

Siku hizi upo mchezo, ulioenea katika nchi nyingi, ambao watu walio mbalimbali hutunga hadithi moja kwa kuandikiana ujumbe kwa zamu kwa njia ya intaneti. Asili yake moja ni michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, iliyopata umashuhuri baada ya Dungeons & Dragons kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Kila mchezaji humiliki mhusika mmoja. Msimamizi humiliki visivyo na mwenyewe: bahari, upepo, soko na wapita njia. Makala haya yaeleza jinsi mchezo huo uwezavyo kuendeshwa kwa Kiswahili, na kuonyesha kwamba idhini iliyokuwa katika sauti yaweza kubebwa na kitenzi.

Chukua mfano. Msimamizi aandika: "Jahazi lilitia nanga Malindi alasiri, na upepo wa kusi ulikuwa umeanza kulegea." Mwenye nahodha afuata: "Nahodha akashuka na kasha, akamnyooshea karani ufunguo aupokee." Hapa -li- imefungua wakati, na -ka- imeshika uzi uliotolewa na mkono mwingine. Ujumbe uanzao kwa -ka- hauwezi kusimama peke yake. Wategemea wa mwenziwe. Kwa hiyo yafaa kufungua wakati mpya kwa -li- iwe kazi ya msimamizi, la sivyo kila mchezaji ataanza hadithi yake na uzi utakatika.

La pili ndilo kubwa zaidi. Mchezaji akiandika "Nahodha akampa karani ufunguo, karani akafungua kasha," amemdhulumu mwenye karani, kwa kuwa -ka- hutangaza tendo lililokwisha kutukia. Bali "aupokee", kwa kiishio chake -e, huonyesha nia tu na kuuacha mlango wazi. Mwenye karani aweza kujibu "Karani akaupokea," au "Karani akarudi nyuma, asiuguse." Sheria yote ya haki katika mchezo huu yaweza kufupishwa hivi: kwa mhusika wako tumia -ka-, kwa mhusika wa mwenzio ishia katika -e. Mchezo usiolinda mpaka huo haudumu, kwani hapana mtu akubaliye kusimuliwa matendo yake na mwingine.

Hilo si geni kwa Waswahili. Katika gazeti la Mambo Leo, lililoanza Dar es Salaam mwaka 1923, washairi walijibizana kutoka miji mbalimbali. Kila mmoja alijibu hoja ya mwenziwe kwa beti zake mwenyewe. Hakumtungia mwenziwe jibu.

La tatu ni utambulisho. Viambishi a- na -m- havitofautishi mwanamume na mwanamke, wala nafsi ya tatu moja na nyingine. "Akamtazama, akamwambia" haina utata kinywani mwa msimulizi mwenye kuonyesha kwa mkono. Katika maandishi ya watu watano yaweza kuzusha ugomvi. Basi kila ujumbe na utaje mhusika kwa jina au cheo mwanzoni.

La nne ni kimya. Barazani kimya huonekana. Katika maandishi hakijulikani kama ni fikra au ni kuondoka. Yafaa muda wa zamu uwekwe, kwa mfano siku 2. Ukipita, msimamizi asimtendeshe asiyekuwapo, bali aandike hali: "Karani alikuwa bado kimya," kisha zamu isogee.

Mwisho ni lahaja. Kiunguja cha mjini kiliteuliwa mwaka 1928, katika mkutano wa Mombasa, kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, lakini kisiwani Unguja kwenyewe msemaji wa Makunduchi na wa Tumbatu wana lahaja zao. Msimulizi na asimulie kwa Kiswahili sanifu ili wote wafuatane, ila maneno ya mhusika yaachwe katika lahaja ya mwenyewe. Msimamizi mwenye kusahihisha kila kitu atapata hadithi safi, lakini wahusika wake wote watasema kwa kinywa kimoja. Akiiacha kama ilivyotumwa, mwanaisimu atapata jambo adimu: hadithi ambayo kila sentensi ina mwenyewe na saa yake, na ambamo huonekana wazi ni mkono gani uliotoa -li- na ni upi ulioipokea kwa -ka-.