Majibu ya Kina Mama Yasicheleweshwe

Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani liliazimia kuwa ifikapo 2030 wanawake 70 katika kila 100 wawe wamepimwa dalili za saratani ya mlango wa kizazi wafikishapo umri wa miaka 35, na tena 45. Azimio hilo ni jema, lakini kumpima mama bila kumpa jibu ni kazi nusu.

Kipimo cha siki hutoa jibu papo hapo. Sampuli ya maabara husubiri gari, kisha mtaalamu, kisha mtu wa kulifikisha jibu kijijini. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Ugonjwa huu hukua polepole kwa miaka mingi; hatari kubwa si zile wiki chache, bali mama kukata tamaa asirudi tena kutibiwa.

Kwa hiyo kila kituo kiandike daftarini tarehe tatu: sampuli ilipochukuliwa, jibu liliporudi, na mama alipoambiwa. Mganga Mkuu wa Wilaya alikague daftari hilo kila mwezi. Pale ambapo tarehe ya tatu haipo, mama huyo atafutwe. Takwimu za waliopimwa zisitufanye tujisifu kabla ya hapo.