ZIARA ZA WAUGUZI MAJUMBANI KWA WATOTO WENYE PUMU ISIYOTULIA

Pumu ni maradhi ya njia za hewa, nayo hayaambukizi. Njia hizo huvimba ndani na kubana, mtoto akakohoa, akatweta, na kifua kikatoa mlio kama wa filimbi. Hakuna dawa ya kuyaondoa kabisa maradhi haya, lakini yaweza kutulizwa, na mtoto ambaye pumu yake imetulia huenda skuli, hucheza na hulala sawasawa na wenziwe.

Kwa mtoto wa miaka 6 na zaidi, pumu huhesabiwa kuwa haijatulia iwapo, katika wiki 4 zilizopita, amebanwa mchana zaidi ya mara 2 kwa wiki, ameamshwa na maradhi usiku, amehitaji dawa ya kufungua kifua zaidi ya mara 2 kwa wiki, au ameshindwa kucheza.

Katika kijiji kama Ushongo, wilayani Pangani, jambo hili lina uzito wake. Hospitali ya Wilaya iko mjini Pangani, ng'ambo ya mto, na gari la mgonjwa huvuka kwa kivuko. Mtoto aliyebanwa usiku wa manane hana muda wa kusubiri. Kwa hiyo kazi kubwa ni kuzuia asibanwe, na kazi hiyo hufanyika nyumbani.

Hapo ndipo ilipo faida ya ziara ya muuguzi. Kwanza, hukagua dawa. Salbutamoli hufungua kifua kwa saa chache tu. Dawa ya kuzuia, kama vile beklometasoni, hupunguza uvimbe, nayo hutumiwa kila siku hata mtoto akiwa mzima. Aghalabu ni hii ya pili inayoachwa mara kifua kinapotulia. Muuguzi hueleza pia kuwa pampu haimfanyi mtoto awe mtumwa wa dawa.

Pili, humtaka mtoto avute dawa mbele yake. Dawa inayopulizwa moja kwa moja mdomoni huishia kwa wingi ulimini na kooni. Utafiti wa Cape Town, Afrika ya Kusini, uliochapishwa mwaka 1999, ulionesha kuwa chupa ya plastiki ya nusu lita, iliyotobolewa kitakoni kwa kipimo cha mdomo wa pampu na kuzibwa pembeni, hufaa sawa na kifaa cha dukani. Mtoto hutia mdomo kwenye shingo ya chupa, na kila pampu inapobonyezwa mara moja huvuta pumzi 5 za taratibu.

Tatu, hutazama nyumba: moshi wa kuni na makumbi, sigara, vumbi la magodoro, mende na ukungu. Kumlaza mtoto mbali na jiko hakuhitaji fedha.

Hospitali ya watoto ya Boston, Marekani, ilianza ziara za namna hii mwaka 2005, na watoto waliotembelewa walipungukiwa sana na safari za dharura na kulazwa.

Wananchi wanakumbushwa kuwa mtoto anayeshindwa kusema au kunyonya, ambaye mbavu zake hubonyea kila avutapo pumzi, au midomo yake imegeuka rangi ya buluu, ni mgonjwa wa dharura. Akalishwe wima, apewe dawa ya kufungua kifua, na safari ya hospitali ianze pale pale. Chombo cha kumvusha usiku, na mtu wa kukiendesha, vijulikane mapema.